Pedali za Pande Mbili

Kwa miaka kumi na tisa Mshale alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani, kutoa mawe yake ya shaba kwenye mkoba, kuyapanga juu ya mizani ya mwenye duka na kumwambia mbele ya wateja kama anapunja au hapunji. Kazi hiyo inataka mdomo, maana hakuna mwenye duka anayekubali kirahisi kwamba mizani yake imelala upande mmoja, na Mshale mdomo alikuwa nao. Baiskeli pia alikuwa nayo, na hiyo ndiyo iliyompa jina. Akipita, mtu husikia upepo tu. Akigeuka, anaona mgongo unaishia kwenye kona. Alivaa viatu maalumu, vigumu kama gamba la kobe, vyenye kipande cha chuma chini ya soli. Chuma hicho kilikuwa kinanasa kwenye pedali kwa mlio mdogo, ka!, na tangu hapo mguu na baiskeli ni kitu kimoja mpaka atakapokizungusha kisigino kujinasua. Viatu vya heshima, vya kuingilia dukani, alivibeba mgongoni.

Halafu asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki, mswaki ulimdondoka. Aliinama auokote, akajikuta yuko sakafuni anautazama kwa karibu, na hawezi kuufikia.

Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali baada ya wiki tano, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala na mguu wa kulia unaburuzwa kama mzigo wa mtu mwingine. Na maneno yake yalikuwa yamechanganyika kama vifungo kwenye kopo la mshonaji. Akili ilikuwa timamu, hilo ndilo lililomuuma. Alijua neno analolitaka, aliliona lilipokaa, angeweza hata kuzihesabu herufi zake. Akifungua mdomo, linatoka jingine kabisa. Akitaka maji anasema meza. Akitaka kulala anasema daraja. Mtaalamu aliyekuwa akimfundisha kusema upya kwa kadi za picha alimwonya mkewe mapema.

"Usishangae hata ndiyo na hapana zikibadilishana," alisema. "Ni maneno madogo, lakini ndiyo yanayoteleza kuliko yote."

Mkewe alikuwa karani wa kumbukumbu kwenye kliniki ya meno upande wa pili wa mji. Zamani alikwenda kwa basi asubuhi na kurudi kwa basi jioni, na mambo yalikwenda. Sasa ilibidi arudi na mchana pia, ampashie mumewe chakula, amsindikize chooni, ampe vidonge vya saa saba, kisha arudi kazini. Daktari mwenye kliniki alimwongezea mapumziko yakawa saa moja na nusu, akaona ametenda wema mkubwa, na kweli alikuwa ametenda. Lakini basi lilizunguka mji mzima kabla ya kufika kwao. Siku ya tatu alifika nyumbani, akaweka sahani mezani, akatazama saa, akageuza bila hata kukaa.

Siku ya nne, baada ya kurudi jioni, alisimama koridoni mikono kiunoni akiitazama baiskeli ya mumewe iliyoegemezwa ukutani.

"Nitapanda yako," alisema. "Imekaa tu hapa inakula vumbi. Kwa baiskeli ni dakika ishirini na tano, nimepima kwenye simu. Unanionaje?"

Mshale alitaka kumwambia kwamba atapendeza. Alisema, "Pazia."

"Pazia na wewe," alijibu mkewe, na wote wawili wakacheka, kwa sababu siku hizo za mwanzo bado waliweza.

Kuendesha alijua tangu usichana. Aliteremsha siti, akapandisha sketi ya sare kidogo, akazunguka mtaa mara moja. Tabu ilikuwa kwenye pedali. Pedali za Mshale zilikuwa vidude vya chuma vidogo kama kipande cha sabuni kilichobakia, laini juu na chini, vilivyotengenezwa kunasa chuma cha kiatu na si kubeba unyayo wa binadamu. Viatu vya kliniki navyo vilikuwa vyeusi, vya ngozi, soli laini kama kioo. Kila akikanyaga, mguu ulichomoka mbele. Alijaribu kuvaa raba njiani na kubadilisha afikapo. Raba nazo ziliteleza, na kufunga na kufungua kamba mara nne kwa siku kulimlia zile dakika alizokuwa akizitafuta.

"Hizi tunazitoa," aliamua. "Tunaweka za watu wa kawaida."

Akamwita kaka yake.

Kaka yake alikuwa seremala, mtu wa kifua kipana na moyo mwepesi kutoa msaada, ambaye hakuwahi kukutana na skrubu iliyomshinda. Alikuja Jumapili na spana mbili na bomba la chuma la kurefushia mpini. Walimtoa Mshale ukumbini na kiti chake cha magurudumu, wakamweka koridoni ili, kama alivyosema seremala, mwenye mali asimamie kazi.

Pedali ya kulia ilitoka bila kelele. Seremala akahamia kushoto.

Pedali ya kushoto ya baiskeli haifunguki kama skrubu nyingine. Meno yake yamekatwa kinyume, makusudi, ili miguu isiifungue yenyewe njiani. Anayeizungusha kwa mazoea haifungui, anazidi kuikaza. Mshale alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Alimwona seremala anaweka spana, anaweka bomba, anatemea mikono mate.

Neno lilikuwa *kinyume*. Alilishika kwa meno yote.

"Kijiko!" alisema.

Seremala alisimama. "Anataka nini?"

"Kijiko," alisema Mshale, akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akauzungusha hewani kwenda upande unaotakiwa. "Kijiko! Kijiko!"

"Ana njaa," alisema mkewe. "Au anataka kukoroga chai. Ngoja, bwana wangu, nakuletea."

Alikwenda jikoni, akarudi na kijiko, akakiweka kwenye kiganja chake kwa upole na kuvikunja vidole juu yake. Mshale alikitazama kile kijiko. Akakitupa. Kiliruka, kikagonga ukuta, kikazunguka sakafuni, na mkewe akakiokota bila kumkaripia, kwa sababu mtaalamu alikuwa amemwonya pia kuhusu hasira.

"Mwache shemeji yangu, amechoka," alisema seremala. "Hii imeshika kutu tu. Inataka nguvu."

Nguvu akaitia. Alikanyaga lile bomba kwa mguu, akaruka juu yake kwa uzito wake wote, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu kitu kililia ndani, mlio wa jino linalong'oka, na bomba likashuka mpaka chini kwa urahisi.

"Si nimekwambia?" alisema seremala.

Lakini pedali haikutoka. Ilikuwa inacheza mahali pake kama mlango uliokatika bawaba. Meno ya ndani ya mkono wa pedali, kile chuma kinachoibeba, yalikuwa yamesagika yote. Mshale alifumba macho. Alipoyafumbua alimwona seremala amepiga goti, amegusa unga wa chuma kwa ncha ya kidole, na ule moyo wake mwepesi umemwishia usoni.

"Shemeji," alisema taratibu, "ulikuwa unaniambia, sivyo?"

Mshale alitaka kumwambia haidhuru. Hakufungua mdomo kabisa, maana hakujua kitakachotoka.

Basi wiki iliyofuata walikwenda kwa fundi. Seremala alisukuma kiti, mkewe alisukuma baiskeli, na barabara nzima ikapisha ule msafara. Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye kipara kilichong'aa kama rimu mpya, na alimjua Mshale tangu baiskeli yake ya kwanza. Walikuwa wameshinda Jumamosi nyingi wakibishana kwenye banda lile kuhusu minyororo na breki mpaka mke wa fundi anatuma mtu kuuliza kama amehamia huko. Tangu Mshale augue, fundi alikuwa amekwenda kumwona mara moja tu. Alipomwona sasa, alifuta mikono kwenye kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kaka Mshale," alisema. "Umenenepa."

Alikuwa amekonda. Mshale alicheka upande mmoja wa uso.

Mkono mpya wa pedali ulipatikana kwenye sanduku la vipuri, si mpya hasa, lakini mzima. Fundi aliufunga, akaupangusa, kisha akaweka juu ya meza jozi mbili za pedali na kumwita mke wa Mshale asogee.

"Hizi ni bapa," alisema. Zilikuwa pana kama kiganja, nyeusi, zimejaa vijino vidogo. "Juu ni sawa na chini. Vaa kiatu chochote, hata kandambili, vijino vinashika soli. Hakuna cha kufikiri. Unakanyaga unakwenda."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi ni za pande mbili. Tazama. Upande huu ni bapa, wa kiatu cha kawaida. Ukigeuza, upande huu ni wa kunasa, wa viatu kama vile vya mzee. Mtu anayekwenda kazini kwa viatu vya kawaida na Jumapili anataka kukimbia kweli kweli, hapa anapata vyote."

Mkewe aliichukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Mshale aliona uso wake ulivyobadilika, akajua wanakoelekea kabla hawajafika.

"Kwa hiyo," alisema mkewe, "mimi nitatumia upande huu. Na yeye akianza kupanda tena, viatu vyake vitanasa upande ule?"

Fundi alimtazama seremala. Seremala akatazama paa la banda.

"Vitanasa," alisema fundi. "Lakini nikwambie ukweli, dada. Pedali hizi zina tabia yake. Zinajigeuza. Ukisimama kwenye taa, ukitaka kuondoka, hujui upande upi umekaa juu. Lazima uchungulie kwanza, au uigeuze kwa ncha ya kiatu. Aliyezoea anafanya bila kufikiri. Wewe na soli hizo za kliniki, ukikanyaga upande wa kunasa kwa haraka, ni kama kukanyaga barafu. Kwa safari za kwenda kazini tu, mimi ningekupa bapa."

"Nitachungulia," alisema mkewe. "Macho ninayo."

"Na hizi si nyepesi. Halafu vijino vyake ni vichache."

"Fundi, nimesema nitachungulia."

Mshale alikuwa na mambo mengi ya kusema. Angewaambia kwamba yeye mwenyewe, na mazoea yake yote, aliwahi kula mwereka na pedali za namna ile mbele ya shule nzima ya watoto. Angewaambia kwamba mguu wake wa kulia hausikii kama sakafu ni ya moto au ya baridi, na mguu kama huo haupaswi kunaswa kwenye kitu chochote, kamwe. Alikuwa amelijua hilo tangu hospitali, usiku wa kwanza alipojifinya paja na kuona vidole vinafinya nyama ya mtu mwingine. Hakuwa ameliomboleza. Alikuwa ameliweka kando, kama mtu anavyoweka kando barua ambayo tayari anajua imeandikwa nini.

Fundi alichuchumaa mbele ya kiti. "Kaka, wewe ndiye mwenye baiskeli. Usituachie sisi. Tuweke za pande mbili?"

*Hapana*, alisema Mshale moyoni, silabi kwa silabi.

"Ndiyo," ulisema mdomo.

Akashtuka. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi, akipiga mkono wa kiti. "Ndiyo! Ndiyo!" Alitikisa kichwa kukanusha, na kichwa nacho kikamsaliti, kilikwenda juu na chini kama cha mtu anayekubali kwa dhati.

Mkewe alipiga makofi, akageukia ukuta kidogo, akajifuta pua.

"Mmemsikia wenyewe," alisema. "Anazitaka. Weka hizo, fundi."

Fundi alibaki amechuchumaa sekunde kadhaa, anamwangalia rafiki yake machoni. Kisha akainuka, akachukua spana. Ya kushoto aliizungusha kinyume, na ikaingia kama siagi.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda salama. Mchana, ikikaribia saa saba, Mshale alikaa dirishani. Alimwona mkewe anatokea kwenye kona, mgongo umenyooka, mkoba umefungwa nyuma. Alimwona pia anavyosimama langoni na kuinamisha kichwa kila anapotaka kuondoka, anachungulia mguuni kama mtu aliyedondosha sarafu. Sekunde moja, mbili, halafu anakwenda. Alichungulia kweli. Lakini Mshale alijua kwamba barabarani kuna njia panda nne kati ya nyumbani na kliniki, na kila moja ina watu wanaopiga honi.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha. Alirudi na mchubuko kwenye mfupa wa mguu, mrefu, na alama za vijino zimepangika vizuri kama mshono wa cherehani.

"Si kitu," alisema. "Iligeuka tu. Ni mimi sikuangalia."

Mshale alinyoosha mkono wa kushoto, akaelekeza koridoni, kwenye baiskeli. "Jumatatu," alisema. "Jumatatu, Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi, mwenzangu."

Alijaribu kuchora. Alichukua kalamu ya kadi za mazoezi, na kwa mkono ambao haukuwahi kuandika hata jina akachora pedali, pana, na vijino, na chini yake pedali nyingine iliyo sawa kabisa. Ilitoka kama mikate miwili. Mkewe aliitazama kwa makini, kichwa upande.

"Nimeona," alisema. "Zako hizo. Zinakusubiri." Akaibandika ile picha kwenye mlango wa jokofu.

Siku ya Jumanne ya wiki ya tano alichelewa. Saa saba ikapita, saa saba na nusu ikapita. Vidonge vilikuwa mezani, na Mshale angeweza kuvimeza mwenyewe kama kopo lisingekuwa na kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kwa mikono miwili. Alikaa dirishani akihesabu magari. Saa nane kasorobo mkewe alitokea kwenye kona, anatembea, anaikokota baiskeli. Sare ilikuwa imechanika gotini. Mkono mmoja ameushika kifuani.

Aliingia, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaketi kwenye kiti cha viatu hapo koridoni na kuanza kucheka.

"Taa iliwaka kijani," alisema. "Nyuma yangu kulikuwa na lori. Linapiga honi, linapiga honi, nikasema basi, nakwenda. Nikakanyaga. Mguu ukaenda zake. Nimejigonga na usukani hapa, nikaangukia upande. Dereva wa lori alishuka, maskini, anatetemeka kuliko mimi. Ananiuliza, mama, umeumia? Namwambia, wewe umeumia?" Alicheka tena, na kicheko kikamuuma kifuani, akanyamaza. "Lilisimama hapa," alisema, akapima kwa viganja viwili umbali ambao mtu angeweza kupitisha mto wa kulalia, si zaidi. "Ngoja nikaoshe goti. Halafu nikupe vidonge. Samahani nimechelewa."

Mlango wa bafu ulifungwa, maji yakaanza kutiririka.

Mshale alikiendesha kiti kwa mguu mmoja na mkono mmoja mpaka koridoni. Spana ndefu kama ya fundi, mkewe alikuwa ameinunua na kuiweka kwenye rafu ya chini endapo lolote litatokea. Aliichukua. Kutoka kitini hakuifikia pedali sawasawa, kwa hiyo akajiteremsha, kwanza goti zima, kisha lile jingine likamfuata likaanguka lilivyotaka, akawa ameketi sakafuni mgongo kwenye ukuta wa pili, uso kwa uso na pedali ya kulia.

Aliipachika spana. Akavuta. Baiskeli ikasogea. Pedali inahitaji mkono mmoja wa kuzuia na mmoja wa kuvuta, kila fundi anajua. Aliegemeza bega, akauma meno, akavuta tena. Mkono wa pedali ulizunguka kinyumenyume tu, mnyororo ukacheka kwa mlio wake wa ki-ki-ki. Alijaribu kuuzuia kwa mguu wake wa kulia, akasahau kwamba mguu huo haupokei amri. Alivuta mara ya tatu kwa nguvu zote za kifua. Baiskeli ilitoka ukutani, ikasita, ikamwangukia. Usukani ulimpata shavuni. Spana iliruka mbali. Na zile pedali za pande mbili, moja ilimkaa tumboni, upande bapa juu, kama iliyopangwa.

Alibaki hapo chini, hawezi kuisukuma na hawezi kutoka. Maji ya bafuni yaliendelea. Alitaka kumwita mkewe, akaona hana hakika jina lake litatoka, akanyamaza.

Mkewe alimkuta hivyo. Alikuwa na taulo gotini na dawa ya jeraha mkononi. Hakupiga kelele. Aliiinua baiskeli, akaiegemeza, akatazama spana ilipoangukia, akatazama pedali ya kulia na mkwaruzo mpya uliong'aa kwenye chuma chake. Kisha naye akajiteremsha sakafuni, goti lake likamuuma, akaketi karibu naye, mgongo ukutani. Alimpaka dawa shavuni kwanza.

"Nilijua," alisema.

Mshale hakumgeukia.

"Siku ile kwa fundi. Ulisema ndiyo, na macho yako yalikuwa yanasema hapana. Miaka ishirini na mbili nimekaa na wewe. Nisiyajue macho yako? Yule fundi mwenyewe aliona." Alifunga kizibo cha dawa, akakifungua, akakifunga tena. "Lakini ulisema ndiyo. Kwa sauti, mbele ya watu. Nikajiambia, basi, mimi nitalichukua neno, macho niyaache. Ningefanya nini? Ningemwambia, wewe fundi, weka bapa, huyu hapandi tena? Mbele yako? Mimi niseme maneno hayo kwa mdomo wangu?"

Kwenye barabara ya nje gari lilipita. Mshale aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya lile taulo.

"Tutazitoa," alisema mkewe. "Lile lori limenitosha. Jumamosi nitamwita fundi aje na hizo bapa zake. Lakini hizi tunaziweka kwenye droo. Hapo hapo chini ya simu ya mezani. Siku utakayopanda zitakuwepo. Na usinibishie hilo, Mshale. Hata kwa macho usinibishie."

Kisha akamsimamisha, jambo lililowachukua dakika kumi na kitu, wakampigia mwenye kliniki simu, na siku ile hakurudi kazini.

Jumamosi asubuhi fundi alikuja na mkoba wake. Kazi nzima haikumaliza robo saa. Mke wa Mshale alitoka na viatu vyake vya kliniki, akazunguka mpaka mwisho wa mtaa, akasimama makusudi, akaondoka bila kuangalia chini, akasimama tena, akaondoka tena. Aliporudi, uso wake ulikuwa na raha na huzuni kwa pamoja.

"Zinashika," alisema. "Hata sikufikiri." Kisha, haraka, "Ngoja niwachemshie chai," akaingia jikoni.

Fundi alibaki barazani na Mshale. Zile pedali za pande mbili zilikuwa juu ya ukuta mfupi, zimefutwa grisi, safi. Fundi alizishika moja moja, akaziweka tena.

"Yeye anasema zikae kwenye droo," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nina mteja anayetafuta za namna hii. Lakini sikulazimishi, kaka. Unasemaje? Nichukue au nikuachie?"

Mshale alizitazama. Aliona droo ile, chini ya simu. Alimwona mkewe akiifungua kutafuta kalamu, kila siku, mwaka baada ya mwaka, akizisukuma kando kwa vidole na kuifunga taratibu. Hakulitafuta neno safari hii. Labda ndiyo maana lilikuja. Lilipanda kifuani lenyewe, likapita kooni, likatoka zima, kwa ile sauti yake ya zamani ya madukani.

"Chukua."

Fundi alishtuka kana kwamba mtu mwingine ameingia barazani. Waliangaliana. Kisha fundi akazikunja zile pedali kwenye kitambaa, akazitia mkobani, akavuta zipu.

Kitu kilivunjika jikoni, kikombe au sahani, na mkewe akatoka mbio, mikono inachuruzika maji.

"Nani kasema? Ni yeye? Nimesikia neno! Nimesikia sauti yake!" Alimshika Mshale mabega, akamgeukia fundi. "Amesema nini? Niambie, fundi, amesema nini?"

Fundi alitazama mkoba wake. Akatazama vidole vyake.

"Ameniambia asante," alisema.

"Asante!" Mke wa Mshale alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika uso kwa viganja vilivyolowa. Alikuwa analia na kucheka. "Asante! Miezi mitatu! Sema tena, bwana wangu. Niambie mimi. Sema tena, taratibu."

Mshale alifungua mdomo. Alitaka kumwambia ukweli. Alitaka kumwomba radhi.

"Kofia," alisema.

"Haidhuru," alisema mkewe, akimbusu paji la uso. "Haidhuru kabisa. Moja likitoka zima, mengine yako njiani. Kaka yangu lazima ajue." Akaingia ndani mbio kumpigia simu, na kutoka barazani walimsikia akilitamka lile neno, asante, asante, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Fundi hakungoja chai. Alisimama, akamgusa Mshale bega, akauinua mkoba. Chuma kiligongana na chuma ndani yake, na akashuka ngazi polepole akiukumbatia kifuani ili usilie tena.